Namba Moja, Majina Mawili

Mimi ni mtu wa kupanga vitu. Uliza yeyote hapa Mvara. Ukiingia kwenye kibanda changu cha kushona hutakuta hata uzi sakafuni, na vifungo vyangu vinakaa kwenye makopo ya majani ya chai, kila rangi na kopo lake. Nashona sare za shule, na ukishona sare huwezi kuwa ovyo, maana mtoto mmoja akipewa sketi ya mwenzake, mama zao wote wawili watakuja kukutukana siku hiyo hiyo. Kwa hiyo sikuwahi kufikiri kwamba fujo kubwa ya maisha yangu ilikuwa ndani ya simu, na kwamba niliipanga mimi mwenyewe kwa mikono yangu.

Simu yangu ya zamani ilitumbukia kwenye ndoo ya maji. Nikanunua nyingine, na fundi wa simu pale mjini Arua akanihamishia majina yote: yale ya kwenye laini, yale ya kwenye simu iliyozama, na mengine ambayo alisema yalikuwa yamehifadhiwa kwenye mtandao bila mimi kujua. Aliponirudishia simu alikuwa anacheka.

"Mama, majina yako iko yote," akasema. "Lakini iko mingi sana. Ingine iko mara mbili, ingine mara tatu. Simu itauliza wewe. Wewe jibu tu."

Nilikasirika kidogo. Mimi, kuambiwa na kijana wa dukani kwamba vitu vyangu vimerundikana! Nikamlipa, nikaondoka bila kuaga vizuri.

Jumamosi iliyofuata mvua ikanyesha tangu saa saba mchana. Wateja hawakuja. Nikaketi nyuma ya cherehani, nikavaa miwani, nikafungua ile orodha. Simu ikaniambia kwamba ina majina mengi yanayofanana, na kama napenda, yaunganishwe. Nikasema haya, tuone.

Mwanzoni ilikuwa kichekesho. Kulikuwa na Mama Mapacha watatu, kila mmoja na mapacha wake. Kulikuwa na Boda, Boda Mzuri, Boda Mwongo, na Boda Mwongo wa Pili. Kulikuwa na Sketi Kumi na Mbili, ambaye ni mwalimu aliyeagiza sketi kumi na mbili akachukua tisa. Nilicheka peke yangu kibandani mpaka jirani anayeuza mandazi akachungulia kuona nina mgeni gani.

Utaona kwamba hakuna jina la mtu hata moja. Ndivyo tulivyolelewa. Baba yetu alikuwa askari, na sisi tulikulia kambini, tukizungumza Kiswahili cha kambi kabla hatujajua vizuri lugha ya baba. Nyumbani mwetu mtoto hakumwita mkubwa kwa jina. Ulitaja kazi yake, au watoto wake, au mahali alipotoka, na hilo lilitosha. Ukitamka jina la mkubwa hadharani, mama alikufinya sikio palepale. Simu zilipokuja tuliandika majina kama tulivyozoea kuita: Mjomba Aroi na Shangazi Logiri, kwa vijiji vyao, au Mkwe. Dada yangu mkubwa, mtoto wa kwanza wa mama, aliolewa Koboko. Nikamwandika Dada Koboko.

Basi simu ikafika hapo. Dada Koboko, wawili. Namba tofauti. Waunganishwe?

Kicheko kikaisha. Nilikuwa sijazungumza na dada yangu kwa mwaka mmoja na zaidi, na sikutaka kumfikiria Jumamosi ya mvua nikiwa nimekaa vizuri. Lakini nikajiambia kwamba hizo lazima ni laini zake za zamani. Dada anauza maharage na unga wa muhogo kwa wafanyabiashara wa Sudan Kusini wanaovuka kuja Koboko, na watu wa mpakani wote ni hivyo, mtu mmoja laini tatu: ya Uganda, ya Sudan, ya Kongo, na zikipotea ananunua nyingine. Binti yake alikuwa ameshanitumia namba mpya ya mama yake wakati wa Krismasi. Kwa hiyo hawa Dada Koboko wawili walikuwa wa kufutwa. Ila mimi sifuti kitu bila kukikagua. Nikapiga ile namba ya juu, nisikie tu kwamba haipatikani, niifute kwa amani.

Ikaita. Ikapokelewa.

"Eh, dada ya Mvara!" sauti ikasema. "Wewe napotea sana! Iko salama?"

Haikuwa sauti ya dada yangu. Ile sauti ikaendelea kwa furaha, ikataja zipu na nyuzi, na hapo nikamtambua: ni yule mwanamke wa soko la Koboko aliyekuwa akiniletea zipu na nyuzi kutoka upande wa Kongo, zamani, kabla sijapata muuzaji hapa mjini. Nilimzoea nikamwita dada, kama mtu anavyomwita mwanamke yeyote wa rika lake sokoni. Na alikuwa anakaa Koboko. Dada Koboko.

"Mimi naona aibu kwa wewe," akasema. "Ile siku wewe napiga mimi asubuhi mara tatu, simu yangu iko kwa duka, nachaji. Jioni mimi narudisha, simu yako iko imezima. Kisha watu ya soko nasema kwangu, mama ya fundi ya Mvara nakufa. Mimi nasema, kumbe ndiyo sababu alipiga. Pole sana, dada. Mimi hapana pata njia ya kuja."

Nadhani nilisema asante. Nilikata simu nikaiweka juu ya cherehani. Mvua ilikuwa inapiga mabati na mimi sikuisikia tena.

Lazima niseme kilichotokea ile siku ambayo yule mwanamke aliisema kwa wepesi hivyo.

Mama aliugua nyumbani kwetu Logiri, na mimi nilikuwa nimekwenda kumuuguza. Asubuhi ya siku ya mwisho nilimtazama nikajua. Nikatoka nje ya nyumba, mkono mmoja umeshika beseni la maji, mwingine simu. Nikatafuta Dada Koboko nikabonyeza la kwanza nililoliona. Likaita mpaka likakatika. Mara tatu. Nikarudi ndani kwa hasira. Adhuhuri mama akafariki. Simu yangu nilipigia watu mpaka ikazima, na hakukuwa na mahali pa kuichaji mpaka kesho yake.

Katika ukoo wetu mtoto wa kwanza ndiye anayetupa udongo wa kwanza. Kabla yake hakuna anayegusa sepetu. Kesho yake wazee wakauliza, huyu wa Koboko yuko wapi? Walikuwa tayari kumngoja hata siku nzima. Na mimi nikasimama mbele yao, mbele ya mchungaji na wajomba na majirani, nikasema kwa sauti kavu: "Mimi nimempigia mara tatu. Hataki kupokea." Wazee wakatazamana. Mmoja akaguna. Wakaamua tusimngoje mtu ambaye hataki kuitwa. Udongo wa kwanza nikatupa mimi.

Dada alifika tumeshafukia. Habari aliipata kwa mtu aliyepita Koboko na kuitaja bila kujua anamwambia nani. Alikuja kwa bodaboda kutoka Koboko hadi Logiri, vumbi mpaka kwenye nyusi, akatazama ule udongo mbichi, akanijia moja kwa moja.

"Wewe hapana piga mimi simu," akasema.

"Nilipiga!"

"Hapana piga."

Mimi nina hasira za haraka, nimezirithi kwa baba. Nikamshika mkono nikaingia naye katikati ya watu, nikatoa simu, nikafungua orodha ya simu nilizopiga. Dada yangu hakusoma. Alikuwa wa kwanza, na wa kwanza kambini alibaki nyumbani kubeba wadogo. Kwa hiyo nikampa simu mjomba asome kwa sauti, na mjomba akasoma: Dada Koboko, asubuhi. Dada Koboko, asubuhi. Dada Koboko, asubuhi. Watu wakatikisa vichwa. Dada akaangalia ile simu kwa muda mrefu, kama anataka kuisoma kwa nguvu tu. Kisha akageuka akaondoka. Hakunawa mikono, hakula chakula cha matanga. Kwetu mtu akiondoka matangani bila kula, yeye ndiye anayepaswa kurudi kwanza, na mimi nikakaa kungoja arudi. Nilikuwa na haki yangu mkononi, imeandikwa mara tatu.

Tangu siku hiyo, Logiri nzima ikimtaja dada yangu inasema ni yule aliyekataa simu ya mama yake akiwa anakufa. Nimesikia ikisemwa sokoni. Nimesikia ikisemwa kanisani, kama mfano wa mioyo migumu. Mwaka mzima na zaidi! Na sikumtetea hata mara moja, maana mimi ndiye niliyetoa ushahidi.

Sasa nimekaa kibandani na ushahidi wangu unauza zipu Koboko.

Nilitaka kuzima simu. Niliiinua nikaibonyeza, lakini badala ya kuzima nikaisogeza mbele. Ile orodha ikaendelea na kazi yake, haina habari. Baada ya majina yanayofanana ilikuwa na sehemu nyingine ambayo sikujua kama ipo. Ikaniambia: hapa kuna namba moja, lakini umeiandika kwa majina mawili. Yaunganishwe?

Jina la kwanza: Msumbufu. Jina la pili: Dada Mpya.

Nilisoma. Nikavua miwani nikaipangusa kwa kipande cha kitambaa cha sare, nikaivaa, nikasoma tena. Kisha nikachukua kalamu na karatasi ya kupimia vipimo, nikaandika tarakimu za Msumbufu, na chini yake tarakimu za Dada Mpya, moja chini ya moja, kama hesabu ya kutoa. Zililingana mpaka ya mwisho.

Dada Mpya ni ile namba ya Krismasi. Binti yake aliituma akaandika, mama anakusalimu, hii ndiyo namba yake sasa. Mimi nikajibu neno moja, asante, nikaihifadhi, nikaiacha. Sikuipiga. Namba ilikuwepo, moyo haukuwepo. Nilikuwa nangoja yeye apige, niione Dada Mpya ikiwaka kwenye kioo, niiache iite kidogo ndipo nipokee. Niliona itakuwa tamu. Nasema ukweli, nilikuwa nimeiwazia hata namna nitakavyoitikia.

Msumbufu alikuwepo kabla ya Dada Mpya. Alianza kama siku arobaini baada ya matanga. Jumapili, nimetoka kanisani, nimeketi kula, simu inaita, namba siijui. Napokea, "Hallo? Nani?" Kimya. Napumuliwa tu sikioni. "Hallo, wewe nani, sema!" Kimya, kisha inakatwa. Jumapili inayofuata tena. Mara ya kwanza nilidhani mtandao. Mara ya pili nilidhani mwanamume mjinga. Mara ya nne nikaiandika Msumbufu ili nijue, na Jumapili moja nilipokuwa na wageni, wakaniona napokea simu ya mtu asiyesema, nikapandwa na hasira za baba.

Sasa nikakumbuka nilichosema. Kilinirudia neno kwa neno, nikiwa nimeshika ile karatasi ya tarakimu.

Nilisema: "Wewe huna adabu? Huna mama? Mama yako hakukufundisha?"

Nilipiga kelele. Kibandani, peke yangu, nilipiga kelele mpaka jirani wa mandazi akaja mbio akidhani nimejichoma sindano. Nikamwambia hakuna kitu. Akanitazama usoni akasema, "Dada, wewe naona nini? Macho yako iko kama ya mutu naona maiti." Nikamwambia arudi kwenye mafuta yake yataungua.

Tangu siku ya tusi hilo sikupokea tena. Msumbufu aliita, mimi nikaiacha iite. Kila Jumapili iliita. Na binti yake aliponitumia namba nikaihifadhi kwa jina lingine, ile simu ya zamani iliendelea kumtangaza kwa jina la kwanza nililompa, kwa sababu simu haijui mambo ya watu. Dada yangu alikuwa ananipigia mwaka mzima na mimi nilikuwa namngoja anipigie.

Ile simu bado ilikuwa inauliza: yaunganishwe? Nilishindwa kubonyeza. Nikaizima nikafunga kibanda bila kufagia.

Kesho yake asubuhi sikwenda kanisani. Nilichukua boda hadi stendi, nikapanda gari la Koboko, nikakaa nikitazama nje. Sikumpigia kusema nakuja. Ningesema nini? Njia nzima nilikuwa napanga maneno, na kila nilipoyapanga yalifika mahali pa "huna mama" nikashindwa kuendelea. Nilifika nikiwa sina hata neno moja tayari, mimi ambaye mdomo haujawahi kuniishia.

Nilimkuta uani, amekaa kwenye kigoda, anachambua maharage kwenye ungo. Alikuwa amekonda. Nywele zimeingia mvi mbele yote, na mimi ndiyo kwanza naziona. Akainua kichwa. Hakushtuka, au alishtuka akaficha. Mimi ndiye niliyeshtuka, kwa sababu ya ule ukondefu.

"Karibu," akasema. "Chukua kiti."

Sikuchukua kiti. Nilipiga magoti kwenye maharage yake, nguo zangu za kwenda mjini zikiwa mwilini, nikasema yote pale pale bila kupumzika. Kwamba siku ile sikumpigia yeye. Kwamba nilimpigia mwanamke wa zipu. Kwamba wote wawili niliwaandika jina moja, na sikuangalia namba, na nikasimama mbele ya wazee nikasema hataki kupokea.

Mkono wake uliendelea kuchambua maharage, mbovu huku, nzuri huku. Nilingoja kofi. Ningelipokea kwa shukrani.

"Kwa hiyo kweli wewe hapana piga mimi," akasema.

"Hapana piga, dada."

Akaacha kuchambua. Akaweka ungo chini.

"Mimi nilijua," akasema. "Mwanzo mimi nilijua. Lakini mjomba nasoma ile simu, watu yote nasikia. Mimi hapana jua kusoma. Mimi nasema, labda simu ililia, mimi nalala. Labda mimi nasikia, nasema ni mutu ya maharage, naacha. Mwaka nzima mimi nauliza kichwa yangu: wewe nasikia simu ya mama yako, wewe naacha? Mwisho mimi nakubali. Nasema, ndiyo, mimi ilikataa simu ya mama yangu."

Hapo ndipo niliposhtuka kuliko kibandani. Nilikuwa nimekuja kuomba radhi kwa kuwadanganya wazee. Sikujua kwamba nilimdanganya yeye mwenyewe, na kwamba aliniamini. Alilala na kosa langu mwaka mzima akilidhani lake. Nikalia kwa sauti, na yeye akanitazama tu, kama anayesubiri mtoto amalize.

"Nitasema Logiri," nikamwambia. "Mbele ya wazee wote. Wiki hii hii. Nitasimama palepale nilipowadanganya."

"Utasema," akajibu. "Hiyo iko lazima. Mimi nataka sikia na masikio yangu." Na kwa mara ya kwanza nikaona hasira usoni mwake, hasira ya haki kabisa, na nikafurahi kuiona.

Nikamuuliza basi kuhusu zile simu za Jumapili. Nilimuuliza kwa woga. Kwa nini alikuwa hasemi? Angesema neno moja tu, hata jina la kijiji, ningemjua. Kwa nini alivumilia nimtukane namna ile?

Akaona haya. Dada yangu, mwanamke anayebishana na wanaume wenye malori, aliona haya akaangalia pembeni.

"Wewe hapana jua?" akasema. "Kwa simu, sauti yako iko sauti ya mama. Hapa uso kwa uso iko sauti yako, mimi nasikia wewe tu. Lakini kwa simu... Siku ya kwanza mimi napiga kugombana na wewe. Mimi iko na maneno mingi. Wewe nasema, 'Hallo, nani?' Mimi nasikia mama. Maneno yote napotea. Basi kila Jumapili mimi napiga, nasikia mama nasema 'hallo, nani', nakata. Hiyo inatosha kwa wiki."

Nilizoa maharage niliyoyapigia magoti nikayarudisha kwenye ungo.

"Na ile siku ya matusi," akaongeza, "mimi nalia sana. Lakini ilikuwa mama. Jumapili ingine napiga tena."

Tulikaa. Kuku waliingia kwenye maharage na hakuna aliyewafukuza. Kisha akaniuliza jambo ambalo mtu yeyote angeliuliza mwaka uliopita kama asingefukuzwa kwa ushahidi: mama alisema nini siku ile? Nikafungua mdomo kumjibu, akainua mkono.

"Hapana hapa," akasema. "Ngoja."

Akatoa simu yake kiunoni, ile ndogo ya vitufe. Akainuka, akaenda nyuma, akaingia jikoni, kibanda cha udongo upande wa pili wa uwanja, akaurudisha mlango. Mimi nilibaki uani kwenye magoti yangu. Nilielewa, nikatoa simu yangu nikaiwasha.

Simu yangu ikaita mkononi. Kwenye kioo, kwa herufi kubwa, pakaandikwa Msumbufu, kwa sababu nilikuwa bado sijaibadilisha.

"Hallo," nikasema.

Kimya. Pumzi tu, kama Jumapili zote zile.

"Aliniuliza mara tatu," nikasema. "Aliniuliza, 'Mtoto yangu ya Koboko nafika?' Nikamwambia iko njiani, mama. Akauliza tena. Nikamwambia iko njiani. Mara ya tatu alikuwa ameshafumba macho. Nikamwambia, iko karibu sana. Akasema, 'Basi acha mlango wazi. Ile mtoto hapana jua kupiga hodi.'"

Kutoka jikoni, ng'ambo ya uwanja, nilisikia sauti ambayo sikujua kama ni kicheko au kilio, na sekunde ile ile nikaisikia sikioni kwenye simu.

"Na wewe uliacha mlango wazi?" akauliza.

"Ulikuwa wazi mpaka alipokufa."

Nikadhani amekata. Nikaitazama simu, bado alikuwepo.

"Sema tena," akasema. "Ile ya mlango. Sema tena."

Nikasema tena.